Mita Moja Iliyopotea kwa Mama Rasila

Machi 24

Mvua imeanza leo. Mwalimu Wamae anataka kila mmoja wetu aandike shajara ya muhula. Ati hataisoma. Sijamwamini, kwa hivyo nimenunua madaftari mawili: moja la kumwonyesha, na hili.

Watu wa Gatitu wakisikia nasoma usanifu majengo wanadhani niko na akina injinia. Wapi! Sisi tuko kitivo cha sanaa, jengo moja na wachoraji na wafinyanzi, na shahada ni hiyo hiyo moja. Mwisho wa muhula huu ndipo jopo linakaa na kuamua nani anaendelea na majengo na nani anarudishwa kwa rangi na udongo. Nafasi zinatosha nusu yetu. Mimi sikuja huku kufinyanga vyungu. Baba ni fundi wa mawe, nimempokeza mawe kila likizo tangu shule ya msingi, na ukuta naujua kuliko wote darasani. Nisipoingia, nitaugua.

Kazi ya muhula ni kupima jengo la zamani, wawili wawili, na kulichora lilivyo. Si unavyotaka liwe, lilivyo. Nimepangwa na Nirav, yule wa miwani, wa familia ya duka la vitambaa mjini. Kabla Mwalimu hajamaliza kusema alikuwa ameinua mkono. "Tunaweza kupima nyumba ya Ba. Ni ya zamani sana." Ba ni nyanya yake. Sasa mimi nauliza, haraka ya nini? Nani hufungulia mtu asiyemjua nyumba yao upesi hivyo?

Machi 30, Jumapili

Tumeenda. Tutakuwa tukienda Jumapili tu, duka likiwa limefungwa. Mbele ni duka, nyuma yake stoo, halafu sebule, halafu jikoni, vyote kwa mstari mmoja mrefu unaorudi nyuma hadi uani; wao hulala juu. Ni mawe matupu, ya kuchongwa kwa mkono. Milango yote inafungukia korido ya upande, na korido imejaa majora ya vitambaa mpaka inabidi upite kimbavu.

Mama Rasila ni mdogo wa mwili, amevaa sari na sweta ya kijivu juu yake, na soksi. Ameniangalia miguu kwanza. Nilikuwa na gambuti zenye tope. "Hiyo toa," akasema kwa Kiswahili cha dukani, "halafu karibu." Nirav anaishi naye. Baba yake, Pankaj, ana duka lake Karatina, kwa hivyo nyumba nzima ni hao wawili.

Leo tumepima nje peke yake, upande wa kichochoro, kwa manyunyu. Tepu ni ya baba, ile ya mjengo. Ndoano yake imelika lakini mimi nimeizoea. Mimi nilishika mwanzo, Nirav akasoma mwisho na kuandika, tukasonga, tukaweka alama, tukasonga tena. Anaandika vizuri, sitadanganya. Namba zake zimesimama wima kama wanafunzi wa boding.

Aprili 2

Mvua. Hakuna la maana.

Aprili 6, Jumapili

Ndani. Tumebadilishana kazi kwa sababu Nirav anajua kupenya nyuma ya vitu vyao. Yeye alishika mwanzo kule kwenye kona, mimi nikasoma na kuandika. Duka, stoo, sebule, jikoni.

Sebuleni kuna kabati kubwa la mbao nyeusi kwenye ukuta unaogawa sebule na jikoni. Najua ni la maombi, sijakulia pangoni. Harufu ya ubani inatoka hapo, na kuna taa ndogo inayowaka ndani. Lakini Mama Rasila ameweka kiti chake mbele ya hilo kabati, na hakuondoka hapo tangu tulipoingia mpaka tulipotoka. Nilipomuuliza Nirav kama tunaweza kulisogeza kidogo nione ukuta, alinong'ona, "Hiyo hatugusi." Akaangalia chini.

Sawa. Hamgusi. Nimesikia.

Aprili 9

Nimekaa studioni tangu asubuhi na mchoro haufungi.

Nimejumlisha vyumba vyote vinne na unene wa kuta. Halafu nikachukua urefu wa nje. Nje ni mrefu kuliko ndani kwa karibu mita moja. Nikajumlisha tena. Nikajumlisha kwa simu. Mita moja ni nyingi. Sentimita tano unaweza kusema ni plasta, mita moja ni mahali mtu anaweza kusimama na kugeuka.

Kuta za duka na stoo tunaona unene wake, kuna madirisha. Ukuta pekee ambao hatuwezi kuona unene wake ni ule wa kabati; huo nimeukisia sawa na nyingine.

Nirav nilipomwonyesha aliangalia karatasi muda mrefu. "Labda tumekosea," akasema. Hakusema tumekosea wapi. Alikunja mchoro akauweka kwa begi lake, akaenda nao. Mchoro wangu!

Aprili 10

Nimemwambia mama. Mama anaitwa Kagure, anauza mboga hapa Gatitu, na hakuna habari ya mji huu inayompita. Hakushangaa hata kidogo. "Hao watu wa zamani walijengea vitu kwa ukuta," akasema. "Wakati wa vita wangeweka wapi dhahabu yao? Kwa benki ya nani?" Halafu akaniambia niwe mwangalifu, nisile kitu huko.

Nimeshakula chapati zao mara mbili. Zilikuwa nzuri, na hilo pia sasa linanisumbua.

Aprili 13, Jumapili

Tumerudia sebule na jikoni. Nirav kwenye kona, mimi nasoma. Namba zilezile, hazikusonga hata kidogo. Kwa hivyo hatukukosea, na yeye alikuwa wa kwanza kusema tumekosea. Anataka niamini nimekosea. Ndivyo nilivyoona pale pale.

Nirav akaenda kuchemsha chai. Nikasimama mlangoni pa sebule nikampigia mama, kwa Kikuyu, sauti ya kawaida, maana Nirav hajui Kikuyu zaidi ya salamu. Nikamwambia, "Hawa watu wananiona mjinga. Kuna chumba nyuma ya kabati, na huyu kizee amekikalia kama kuku." Mama akacheka. Mimi pia nikacheka.

Mama Rasila alikuwa kitini akikunja kitambaa cha samawati. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Ninapoandika naona hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri tangu mwanzo.

Chai sikuinywa.

Aprili 15

Mvua ya mawe. Sukuma wiki ya mama imetobolewa yote. Hasira nyumba nzima.

Aprili 17

Nirav amekuja darasani na vumbi jeupe kwenye vifundo vya vidole. Chokaa. Nyumba yao ndani imepakwa chokaa. Nikamuuliza, "Umekuwa ukifanya nini?" Akaficha mkono mfukoni. "Nothing, aki. Nilikuwa nasafisha."

Unasafisha nyumba kwa vifundo?

Wanahamisha. Wameona nimejua, sasa wanahamisha. Halafu siku ya jopo ukuta utakuwa mtupu, mchoro wangu utaonekana wa mtu asiyejua kupima, na nafasi itakwenda kwa nani? Kwa mwenye nyumba! Nimeona mchezo wote sasa. Alitoa nyumba yao haraka ili apime na mtu, na huyo mtu aanguke.

Aprili 22

Nimeenda kwa Mwalimu Wamae. Nilisubiri nje ya ofisi mpaka watu wapungue. Nikamwambia Nirav ananipa vipimo vya uongo vya ndani, maana mwanzo wa tepu anaushika yeye, konani nisikomwona, na kwamba familia yake inaficha kitu na hawataki kichorwe. Nikamwonyesha hesabu. Mwalimu alivaa miwani, akapitia namba moja moja kwa kalamu.

"Una hakika ni yeye?"

"Nina hakika."

"Hili ni neno kubwa, Watiri."

"Najua, Mwalimu."

Nilipotoka nilikuwa nimesimama wima. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilijisikia vizuri.

Aprili 24

Jina la Nirav limetolewa kwenye orodha ya jopo. Kughushi vipimo hapa si mchezo, ukifanya hivyo hata udongo hupati, unakwenda nyumbani. Alitoka ofisini akapita karibu na meza yangu bila kusema kitu. Nilitegemea atapiga kelele. Mtu ambaye hana makosa si hupiga kelele?

Hakupiga. Nimejiambia hiyo ndiyo dalili.

Aprili 26

Ujumbe kutoka kwa Nirav, wa kwanza tangu juzi: "Ba anakuita kesho. Kuja na nyundo na tindo."

Mama anasema nisiende. Baba yuko Sagana kwenye mjengo, tindo zake ziko hapa chini ya kitanda.

Aprili 27, Jumapili

Nimeenda. Naandika yote, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kabati lilikuwa wazi na tupu. Sanamu zao zote zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa chekundu na kulazwa kitandani chumba cha juu, Nirav aliniambia baadaye. Mama Rasila alikuwa amesimama. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama muda mrefu hivyo.

"Kaa chini, Watiri wa Kagure," akasema.

Kwa Kikuyu. Si kile cha kuombea maji. Kikuyu cha Mathira, cha ndani kabisa, cha wale akina mama wa soko la Karatina. Nilikaa.

Akanirudishia simu yangu yote, neno kwa neno. Kwamba wananiona mjinga. Kwamba kuna chumba. Alipofika kwa "huyu kizee amekikalia kama kuku" aliitamka kwa sauti yangu kabisa, na hata kile kicheko akakiweka. Ngai! Nilitamani ile mita moja iwepo kweli niingie ndani yake nijifungie.

"Nimezaliwa Karatina," akasema. "Nimeuza vitambaa tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Unafikiri akina mama wa Tumutumu walikuwa wakinunua kwa Kigujarati?"

"Pole, cucu," nikasema, kama ninavyomwita nyanya yangu.

"Pole baadaye. Sukumeni kabati. Halafu toboa."

"Si lazima, cucu."

"Ni lazima. Kwa mdomo umeshatoboa. Sasa maliza."

Tulisukuma kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe na safi, ila katikati, sawa na kifua cha mtu, chokaa ilikuwa imebanduka vidoa vidoa. Nirav alikuwa wa kwanza kuchukua nyundo. Aliichukua upesi mno. Mama Rasila akamwangalia, halafu akaacha Kikuyu, akasema kwa Kiswahili ili sisi wote tusikie.

"Pigia pale ulikuwa unagonga, wakati mimi niko kwa duka. Unafikiri sisikii? Hii msichana ni mgeni, yeye simlaumu sana. Lakini wewe umekula kwa hii mkono yangu. Na umegonga ukuta yangu kama mwizi."

Nirav aliweka nyundo chini. Alikuwa akilia, na hakujifuta. "Hesabu ilikataa, Ba," akasema. "Nilifikiria labda... labda kuna kitu hukutuambia."

Kumbe ile chokaa vidoleni! Hakuwa akihamisha chochote. Alikuwa akigonga ukuta kusikia kama uko wazi ndani, kwa sababu mimi nilimwonyesha karatasi. Mimi ndiye niliyemtia wasiwasi huo, yeye akauelekeza kwa nyanya yake.

Nilitoboa mimi. Jiwe la Nyeri ni gumu, jasho lilinitoka na baridi yote ile. Mama Rasila hakukaa. Tindo fupi haikutosha nikachukua ndefu, na mwishowe ikapenya na kulegea mkononi. Nikaichomoa nikachungulia. Niliona mwangaza, halafu sufuria, halafu mtungi wa gesi wa kijani.

Ilikuwa jikoni.

"Umeona dhahabu?" Mama Rasila akauliza.

Nirav alichukua tepu apime unene wa ukuta kupitia lile shimo. Nilikuwa nimechuchumaa karibu naye, upande wake, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii. Nikaona kidole gumba chake. Kilikuwa kimebana ncha ya tepu, ile ncha kabisa, penye ndoano iliyolika.

"Mbona unaanzia hapo?"

"Wapi?"

"Hapo mwisho kabisa!"

"Si hapa ndiyo mwanzo?"

"Nirav, tunaanzia sentimita ya kumi. Ndoano imelika, hapo hapaaminiki. Unaweka alama ya kumi kwa ukuta, halafu anayesoma anatoa kumi. Kila mtu anajua!"

"Kila mtu gani?" akasema. "Watiri, hukuniambia."

Sikumwambia. Haikunijia kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Kwa mjengo hakuna anayesema. Baba huweka kumi, mimi nasoma natoa kumi, ndivyo tulivyofanya siku zote. Lakini Nirav amekulia nyuma ya kaunta. Kitambaa unaanzia ukingoni kabisa, na Mama Rasila ameniambia mwenyewe kwamba ukianzia ndani kidogo umemwibia mteja, na duka hili halijawahi kumwibia mtu.

Basi nje mimi niliweka kumi, yeye akasoma bila kutoa, na kila mara tuliposogeza tepu nyumba ikarefuka. Ndani yeye alianzia ncha kabisa, mimi nikatoa kumi ambazo hazikuwepo, na kila chumba kikafupika. Nje inavutwa huku, ndani inavutwa kule. Katikati tukajenga chumba, sisi wawili, bila jiwe hata moja.

Tulipima upya nyumba yote jioni hiyo. Ilifunga.

Mama Rasila alinipa chai. Niliinywa yote. Hakuniambia nimesamehewa.

Aprili 28

Nimemwambia Mwalimu Wamae kila kitu, na tepu nikaiweka mezani kwake. Aliigeuza geuza mkononi. Akachukua kalamu akarudisha jina la Nirav kwenye orodha mbele yangu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Nenda uchore."

Mei 3

Nachora. Mvua. Nirav anachora meza ya mbali. Hatujazungumza.

Mei 9

Jopo. Tulitundika michoro asubuhi. Nilichora mkato wa nyumba nzima, kama imepasuliwa kwa urefu, kuanzia duka hadi uani, kila jiwe la ukuta wa kabati, na lile shimo pia, mahali pake, kwa kipimo chake. Kazi ilisema lilivyo. Mgeni mmoja wa jopo, mama mwenye kilemba, akaweka kidole juu yake.

"Na hili ni nini?"

"Shimo."

"Limetoka na jengo?"

"Hapana. Nililitoboa mimi, mwezi uliopita."

Watu wakacheka. Nirav hakucheka. Mwalimu Wamae aliandika kitu, na nikajaribu kusoma kalamu yake ikizunguka, nikashindwa.

Mei 16

Orodha imebandikwa.

Nirav: usanifu majengo. Watiri: uchongaji na ufinyanzi.

Nilisoma mara nyingi. Nikasema wamekosea. Nikasema yule mama wa kilemba hakunipenda. Nikasema Nirav amekwenda kwa Mwalimu akazungumza, na kwa nini asizungumze, si mimi nilizungumza? Nikapanda ngazi nikiwa na hayo yote mdomoni.

Mwalimu Wamae aliniacha niyamalize. Halafu akasema, "Mchoro wako ulikuwa safi kuliko yote. Nirav ndiye aliyekuja hapa kukuombea, kama unataka kujua. Jana."

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Ulirudia kipimo, hilo niliona," akaendelea. "Lakini ulirudia ukiwa umesimama palepale. Hukuwahi kuhamia upande wa pili wa tepu. Ulihamia ofisini kwangu, na jina la mtu. Watu watalala ndani ya majengo yako, Watiri. Mwaka ujao omba tena, nitakusoma."

Nililia chooni, kile cha wafinyanzi, kwa sababu ndicho changu sasa. Nilikuwa naitaka hiyo nafasi kuliko kitu chochote. Bado naitaka.

Mei 18, Jumapili

Mvua imepungua. Nimeenda kuziba shimo. Hakuna aliyeniita. Nilibeba mwiko wa baba na simiti kidogo, nikavua viatu mlangoni. Mama Rasila aliniangalia miguu, akasogea nipite.

Nirav alinichanganyia simiti. Haijui, aliweka maji kama anapika uji, nikamwambia hivyo, na akasema basi nichanganye mwenyewe. Ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza tangu siku ya shimo. Nilipomwambia asante kwa kuniombea kwa Mwalimu, aliinua mabega. "Na mimi niligonga ukuta," akasema. Tukaendelea na kazi.

Nikiwa katikati ya kusawazisha plasta simu ikalia. Ni mama, na sauti ya mama hata bila spika inafika barabarani. Kwa Kikuyu, bila salamu: "Wewe uko tena kwa hao watu? Na hukuwahi kuniambia. Mlipata nini kwa ukuta?"

Mama Rasila alikuwa kitini mwake, kitambaa mapajani. Aliacha kukunja.

Nikaweka spika kabisa. "Jikoni, mami," nikasema. "Tulipata jikoni tu."

"Uongo! Wamekuonyesha shimo la jikoni, kile kitu kiko kwingine. Pima tena."

Nilishika mwiko hewani. Nirav, ambaye hakuelewa neno, alinitazama mimi, akamtazama Ba. Mama Rasila akanyoosha mkono. Nikampa simu, plasta na yote.

"Kagure," akasema, Kikuyu kile cha Karatina, taratibu, kama anayemhudumia mteja. "Njoo Jumapili ijayo upime mwenyewe. Mimi nitakushikia mwanzo."

Halafu nikamsikia mama, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akiuliza aje saa ngapi.